Swali Lililogeuzwa Igizo

Siku ya arobaini ya Sostenes Mayala watu walisema mema, kama ilivyo desturi. Mwenyekiti wa kigango alisema marehemu hakuwahi kuchelewa ibada. Jirani alisema mashine yake ya kusaga haikumpunja mtu hata kibaba kimoja. Kisha akasimama mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alimgeukia kwanza mama yake aliyeketi kwenye mkeka, na mama akamkubalia kwa kichwa.

"Mimi naomba nisimulie alivyonikosea," alisema. "Mema yake kwangu yalianzia hapo. Mama ameniruhusu."

Huyo ndiye Limi. Yaliyoandikwa hapa ni aliyoyasema siku ile mbele ya watu wote, pamoja na yale ambayo Sostenes alimwambia mkewe Evelina katika miaka yao ya mwisho pamoja. Hayakupambwa. Sostenes mwenyewe alijifunza kwa uchungu kupamba kunaweza kumfanyia mtu nini.

Alikuwa na mashine ya kusaga pale Mwasengo, kijiji cha wakulima upande wa Bukombe, ambako mtu akipanda baiskeli alfajiri hufika Ushirombo kabla jua halijawa kali. Alisoma hadi kidato cha nne, akaoa mapema, akapata watoto wanne. Mkubwa wao, Frank, aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na saba, akaenda machimboni Geita bila kumuaga baba yake. Mama alimuaga. Tangu hapo simu za Frank zilikuwa za mama tu. Sostenes akiwa karibu alisikia sauti ya mwanawe ikivuma ndani ya simu kama nyuki aliyenaswa kwenye kibuyu, kisha Evelina husema, "Frank anakusalimia," naye Sostenes huitikia, huku akijua kwamba hakusalimiwa.

Kwa hiyo kigango kilipotafuta mlezi wa vijana, alinyoosha mkono kabla hajafikiri. Watu walisema ana moyo wa kujitolea. Evelina peke yake ndiye aliyejua ni jeraha gani lililounyanyua mkono ule.

Alianza vibaya. Kila Jumamosi saa tisa aligonga rimu ya gari iliyotundikwa nje ya kanisa, akasimama mbele na karatasi zake, akawahutubia vijana juu ya utii, usafi wa moyo na hatari za simu. Siku ya kwanza walikuja thelathini. Kwaresima ilipofika walikuwa tisa. Wengine walikuwa huko ng'ambo ya vilima, kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, wanaosha marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha mara moja, wakitafuta kilichoponyoka.

Sostenes akadhani tatizo ni lugha. Akajifunza kutoka kwa wateja wake kwamba wachimbaji huita shimo duara, magogo ya kulishikilia matimba, na likitoa dhahabu husema limetema, na Jumamosi moja akajitokeza amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko.

"Vijana!" alisema. "Leo Neno la Mungu litatema! Shukeni duarani, mkaze matimba!"

Kwenye benchi la nyuma alikuwepo Maige, kijana mrefu mwenye meno mengi, ambaye hata kwenye msiba ilibidi akalishwe mbali na wenzake ili watu wasicheke.

"Mwalimu," alisema Maige kwa heshima zote, "duara ndilo hutema. Neno likianza kutema, tutafute miavuli."

Walicheka hadi benchi likapinduka. Sostenes akacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanamwaka moto. Alipofika nyumbani habari ilikuwa imemtangulia.

"Baba Frank," alisema Evelina, "wewe mtu wa unga, matimba yanakuhusu nini?"

Kilichomsogeza karibu na vijana hakikuwa mada wala maneno ya machimboni. Ni ile mashine yake. Ilikuwa ya zamani, ya dizeli, na ikiwaka hupiga kelele kiasi kwamba watu wawili waliosogeleana wanaweza kusemezana, na wa tatu, hatua tatu tu kutoka hapo, asiambulie neno. Vijana waliotumwa kusaga ndio waliogundua hilo. Mmoja alimsogelea akamwambia kwamba mwalimu mmoja shuleni anamwonea. Mwingine akasema mama yake anataka awe sista, naye hataki, na anaogopa kwamba kutotaka ni kumkataa Mungu. Sostenes macho yalikuwa kwenye nafaka na mkono kwenye mfuko wa unga. Hakuwa na nafasi ya kuhutubia. Alitikisa kichwa, akasema maneno mawili matatu, akageuza debe. Wao wakaondoka wamepungukiwa na mzigo. Ilifaa kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine mikononi, lakini wakati ule hakulielewa hilo. Alidhani ni hekima yake imeanza kukomaa.

Mwezi wa kumi akaja Limi na debe la mahindi. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, msichana wa maneno machache. Kila mtu Mwasengo alijua habari ya baba yake, Bujiku. Miaka sita nyuma ilikuja taarifa kwamba duara limemporomokea huko mbali, upande wa pili wa Geita, na mwili haukupatikana. Matanga yakawekwa bila jeneza. Jumuiya ikamlimia mjane wake, Coletha, misimu miwili mfululizo. Na kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, jina la Bujiku lilisomwa altareni pamoja na mengine, kutoka kwenye karatasi ambayo kila familia huandika wafu wake, na waamini wote wakaitikia wapumzike kwa amani.

Limi alimimina mahindi, akasubiri mashine ishike kasi, akasogea hadi bega likagusa nguzo.

"Mwalimu, ni dhambi kumwombea mtu apumzike kwa amani kama hajafa?"

Sostenes hakuinua macho. "Nani hajafa?"

"Baba."

Akamweleza. Likizo ndefu alikwenda kwa mama yake mdogo Nkome, ziwani. Siku moja alikuwa anawasaidia wanawake kugeuza dagaa juani, akamwona baba yake anashusha tenga kutoka kwenye mtumbwi. Alikuwa amenenepa. Limi akamwendea, akapiga magoti, akamwamkia. Bujiku alimtazama kwa muda mrefu. Kisha mwanamke mmoja mwenye watoto wawili akauliza kwa nyuma, "Nani huyo?" Na Bujiku, kwa sauti ya kusikika, kama mtu anayemuuliza mtoto asiyemjua, akasema, "Wewe ng'wana wa nani?"

"Ukamjibu nini?" aliuliza Sostenes.

"Nilisema samahani, nimekufananisha."

Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake. Mama hakushtuka. Aliendelea kuchagua mchele, kisha akasema, "Kufiwa kuna heshima yake, mwanangu. Kuachwa hakuna."

"Sasa Novemba hiyo inakuja," alisema Limi. "Watalisoma jina lake. Nikiitikia, naongopa mbele ya altare. Nisipoitikia, watu wataniangalia."

Unga ulitiririka. Sostenes akafikiri, na jibu likamjia, jepesi, kama limewekwa mdomoni mwake na mtu mwingine.

"Wewe itikia tu. Mungu hasubiri ile karatasi ndipo ajue baba yako alipo. Na amani si ya wafu peke yao. Huyo baba yako anaihitaji kuliko wote watakaosomwa."

Limi akacheka, na machozi yakachora njia mbili kwenye vumbi la unga mashavuni mwake.

"Hutasema?" aliuliza.

"Sisemi."

Akajitwisha debe akaenda, na Sostenes akamsindikiza kwa macho hadi alipokunja kona. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu Frank aondoke. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila mwaka, baada ya Krismasi, Jumapili ya Familia Takatifu, vigango vyote vya parokia hukutana kushindana kwa kwaya, ngonjera na maigizo. Kigango kinachoshinda hupeleka vijana wake kwenye mashindano ya jimbo. Mwasengo haikuwahi kupata hata nafasi ya pili. Mwaka ule Sostenes alikaa jioni tatu na daftari, na igizo likatoka lote, bila kukwama. Akaliita "Marehemu Anauza Dagaa."

Alibadilisha mambo. Mama wa igizo aliitwa Mama Kulwa. Mume hakufukiwa duarani bali alizama mtoni na lori. Mji ukawa mwingine, mwalo wa dagaa mwingine. Akajiambia: nimeficha kila kitu. Akajiambia pia kwamba Limi akiliona atajua hayuko peke yake, na kwamba baba waliotoroka watapata somo. Maneno mazuri yote. Lakini chini yao kulikuwa na lingine, nalo alimkiri Evelina miaka mingi baadaye bila kumtazama: siku ya matimba vijana walimcheka, na safari hii alitaka wacheke pale anapotaka yeye.

Mazoezi yalifanyika Jumamosi. Jumamosi Limi alikuwa kwenye marudio, anatafuta mahitaji ya shule. Sostenes alijua hatakuwepo, na hilo lilimpa nafuu. Hakujiuliza kwa nini.

Siku ikafika. Maturubai yalifungwa kwenye uwanja wa parokia, vigango saba vimejaa na sare zao. Maige akaingia na tenga kichwani, tumbo limefungwa nguo ili aonekane mnene.

"Dagaa! Dagaa wa leo!" alinadi. "Nunueni kwa marehemu! Marehemu hakopeshi, akikukopesha utamdai mbinguni!"

Uwanja ukalipuka. Padre mwenyewe alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kisha akaingia msichana aliyeigiza mtoto, akapiga magoti. "Shikamoo baba." Maige akamtazama, akainamisha kichwa kama jogoo, akaacha kimya kirefu jinsi alivyofundishwa.

"Wewe ng'wana wa nani?"

Hapo ndipo walipocheka kuliko mahali pengine popote. Msichana akainuka, akawageukia watazamaji. "Jamani, niambieni. Ni dhambi kumwombea mtu apumzike kwa amani kama hajafa?"

Vigango vingine viliendelea kucheka. Watu wa Mwasengo wakaacha, mmoja mmoja. Sostenes, aliyesimama pembeni na daftari lake, aliviona vichwa vikigeuka, kwanza kimoja, kisha safu nzima, kama mtama upepo unapoupitia. Vyote viligeukia alipoketi Coletha. Alikuwa amebadilisha jina, na duara, na mwalo. Hakufikiri hata mara moja kwamba Mwasengo matanga yasiyo na jeneza yaliwekwa nyumba moja tu.

Coletha alicheka. Alipanua mdomo, akajipiga mapaja, akacheka kwa sauti kuliko jirani zake wote, kama mtu ambaye hajasikia kichekesho cha namna hiyo tangu azaliwe. Macho yake hayakucheka.

Limi alikuwa kwenye safu ya kwaya, iliyokuwa imekwisha kuimba. Hakulia wala hakukimbia. Alivua mtandio wa sare, akaukunja mara nne, akauweka kwenye benchi, akatoka kupitia nyuma ya turubai. Sostenes alitaka kumfuata. Lakini kabla hajaondoka pale, waamuzi wakatangaza Mwasengo ya kwanza, na vijana wakamkimbilia wakamnyanyua mabegani. Alikaa kule juu, kila mtu akimwona, akishikilia kichwa cha Maige asianguke. Vijana waliomkimbia mwaka mzima sasa waliimba jina lake. Alimwambia Evelina kwamba pale juu ndipo alipotamani ardhi ipasuke, na kwamba ilimlazimu kutabasamu hadi nyimbo zikaisha.

Nyumbani Evelina alimtengea maji ya kunawa.

"Baba Frank, ile hadithi uliitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani kwa nani?"

Sostenes akaendelea kunawa. Evelina akafunika ugali, akakaa naye.

Kesho yake Sostenes akaenda kwa Coletha. Njiani alikutana na aibu nyingine. Wanawake watatu kisimani walikuwa wanabishana kama msimu huu jumuiya ikaende kumlimia mjane au mke wa mtu, na walipomwona mmoja akamwambia, "Hongera Mwalimu! Utatuletea lini sehemu ya pili?"

Coletha alikuwa anapepeta karanga uani. Akamsogezea kigoda, na ukarimu ule ulimchoma kuliko tusi.

"Karibu Mwalimu. Kaa."

"Mama Limi, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Igizo lilikuwa zuri. Nilicheka."

"Mama Limi..."

"Nilicheka, Mwalimu. Hukuniona?"

Limi akatokea mlangoni. Hakumwamkia. Huku kwetu, mtoto aliyelelewa akimnyima mtu mzima shikamoo, amemwambia yote. Lakini Limi aliongeza.

"Nilikuuliza swali," alisema. "Sikukupa hadithi."

Sostenes akakosa pa kuweka mikono. Akasema Jumapili atasimama mbele ya kigango kizima. Atapiga magoti ikibidi. Ataungama kwamba amemkosea mtu, bila kumtaja.

Coletha akaweka ungo chini. "Ukisema umemkosea mtu, watu wataangalia wapi? Watautazama msalaba? Watanitazama mimi. Leo wanakisia, Mwalimu. Wewe ukiomba radhi, watajua. Utarudi nyumbani mwepesi, sisi tumebaki uchi. Kaa na aibu yako kimya, kama nilivyokaa na yangu."

Aliondoka kwa njia ya mashambani ili asipite tena kisimani. Alikuwa ameijia toba, akakuta hata toba yenyewe ni mali ya wengine, na hana ruhusa ya kuigusa.

Lililobaki mikononi mwake lilikuwa moja tu. Wiki ile alikwenda kwa Padre, akamwomba Mwasengo isiende kwenye mashindano ya jimbo.

"Vijana wako wameshangilia hadi sauti zimekauka," alisema Padre. "Sababu ni nini?"

"Siwezi kuisema."

"Hata kwangu?"

"Dhambi yangu nitaiungama, Padre, sasa hivi ukitaka. Ya watu wengine siitoi nje tena."

Padre alimtazama. Labda alikumbuka jinsi alivyovua miwani. "Nenda kazichome hizo karatasi," alisema. Sostenes akazichoma chini ya chungu cha maharage cha Evelina, naye Evelina akachochea moto.

Jumamosi akawaambia vijana. Kulikuwa na wasichana walioshaomba viatu vya kuazima kwa ajili ya safari. Mara ya kwanza hawakuelewa. Kisha Maige akasimama.

"Mwalimu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Basi sema sababu!"

"Siwezi, Maige."

"Duh! Kurasa kumi umeandika, leo sentensi moja inakushinda?"

"Amenunuliwa na kigango kilichoshika nafasi ya pili!" alipiga kelele mmoja. "Mzee ana wivu, hataki tung'ae bila yeye," akasema mwingine. Sostenes alisimama mbele yao na mikono mitupu. Angeweza kuwanyamazisha kwa maneno matano. Maige hakuwa na kosa, wala wasichana wale. Waliigiza walichopewa, nao walikuwa wanamtazama mtu mzima aliyewanyang'anya kitu bila sababu. Akasema, "Nisameheni," ambalo halikuwa jibu, na wakatoka.

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne. Kisha wawili. Kisha hakuja mtu. Aligonga rimu kama kawaida, akafagia, akakaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja, akafunga kanisa. Baadhi ya wazazi walihamishia mahindi yao kwenye mashine nyingine, na vijana wakahama nayo. Siku moja Evelina alikuja na kitambaa chake cha kudarizi, akakaa kwenye benchi la vijana, ili lisiwe tupu.

"Unalijua lile igizo lilimhusu nani?" Sostenes alimuuliza.

"Kila mtu anajua, Baba Frank. Ila hakuna mwenye uhakika. Tuliza moyo wako hapo."

Akadarizi kidogo.

"Frank nilimpoteza kwa kutomsikiliza," alisema Sostenes. "Huyu nilimsikiliza vizuri kabisa. Ndipo nikampoteza."

Evelina hakumfariji. Hakukuwa na neno la kumfariji ambalo lingekuwa kweli.

Kwa kuwa hakusema, uvumi ulikosa kuni. Wengine walidai hadithi ilitoka kijiji cha jirani, wengine kwamba Sostenes aliisikia safarini. Jumuiya ililima kwa Coletha msimu ule pia, ingawa wawili walitoa udhuru. Haikuwa kama zamani. Coletha alihamia benchi la nyuma kabisa kanisani, na kila Jumapili Sostenes alimwona pale na akaipokea aibu yake upya, pamoja na sakramenti. Limi hakukanyaga mkutano wa vijana. Akitumwa kusaga alizunguka njia ndefu hadi mashine ya mbali, na debe kichwani, kwenye jua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Sostenes alikuwa anapalilia mpunga, matope yamemfika magotini. Aliposikia sauti juu ya tuta hakuamini.

"Shikamoo."

Alikuwa Limi. Nyuma yake alisimama msichana mdogo zaidi, mwenye sare ya shule na daftari alilolikumbatia kifuani.

"Marahaba," alisema Sostenes. Hakuthubutu kuongeza mwanangu.

"Huyu ni Mariana. Tunasoma shule moja. Ana neno, na kwao hakuna wa kumwambia."

Sostenes aliiangalia mikono yake iliyojaa matope. "Mpeleke kwa masista parokiani. Mpeleke kwa Padre. Mimi si mtu wa kuaminiwa, Limi. Unajua."

"Najua."

"Sasa?"

"Wengine nao hawaaminiki, ila hawajajua bado. Wewe unajua." Aliyasema bila ukali, kama mtu anayepanga mizigo. "Halafu Maige ananiambia alikubana mpaka akachoka. Anasema ulikaa kama gunia la pumba, ukipigwa linatoa vumbi tu."

Mariana akacheka kidogo, akajizuia. Sostenes naye angecheka, lakini neno lingine lilimtoka kabla hajalishika.

"Umenisamehe?"

Limi alitazama mpunga. "Sikuja kwa hilo," alisema. "Bado."

Sostenes akainamisha kichwa. Aibu ilimpanda ile ile, mbichi kama siku ya mabegani, na safari hii hakuwa na umati wa kuutabasamia. Angetoa jaruba lile lote ili jibu liwe lingine. Alitoka kwenye matope, akaketi juu ya tuta. Mariana akaketi umbali wa mkono mmoja. Limi akafuata tuta hadi mahali ambapo sauti haifiki, akasimama akiwapa mgongo, kama mtu anayelinda mlango.

"Mwalimu," alisema Mariana, "hutasema?"

Lile neno alikuwa nalo ulimini, na lilikuwa rahisi. Alikuwa amewahi kulitoa, likawa halina thamani. Akashindwa kulisema. Mariana alisubiri ahadi, ikakawia, akamgeukia amtazame usoni. Aliyoyaona kwenye uso ule hayajui mtu mwingine. Akafungua daftari, akalifunga tena, akaanza kuongea.

Waliketi pale hadi kivuli cha Limi kikafika upande wa pili wa tuta. Jioni ile Evelina, aliyekuwa amewaona akiwa njiani kuchota maji, aliuliza mara moja tu yule mtoto alitaka nini. Mumewe akamjibu kwamba mwaka huu mpunga una magugu mengi. Evelina hakuuliza tena, na hajui mpaka leo.